Walivyokulilia Bwera

Kasese, Uganda
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya zile wiki zote ambazo sikuandika. Naomba goti lako liwe limetulia, na mvua za huko ziwe zimenyesha bila kuuangusha ule ukuta wa jikoni. Anastazia, mdogo wangu, wewe unayeisoma barua hii kwa sauti, nakusalimu nawe. Nakujua ulivyo: ukifika mahali pabaya unakohoa na kuruka mistari miwili mitatu. Safari hii nakuomba usikohoe. Msomee mama kila neno hata akikunja uso, kwa kuwa nimeyaandika ili yeye ayasikie.

Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Bado ni karani wa bohari ya mizigo hapa stesheni, mahali reli inapokwisha. Napima magunia ya kahawa na marobota ya pamba, naandika, nagonga muhuri, mabehewa yanafungwa, treni inaondoka kwenda Kampala na mimi nabaki na mizani yangu. Ile milima niliyokuandikia zamani kwamba juu ina theluji, nawe ukasema mwanao ameanza uongo wa wasafiri, bado ipo. Asubuhi mawingu yakifunguka naiona nikiwa mlangoni na kikombe cha chai. Siku hizi siiangalii sana.

Nilikueleza huko nyuma kwamba watu wa kwetu hapa stesheni tulikuwa watatu. Yule dereva wa Tanga alihamishwa kurudi nyumbani kabla mambo hayajaharibika, akaondoka akiimba. Tukabaki mimi na fundi wa mabehewa wa Moshi, yule niliyekuambia anapika maharage kwa nazi mpaka jirani wanagonga mlango. Tangu yale mapigano ya mpakani kati ya nchi hii na yetu, yeye na mimi tulianza kusikiliza redio ya nyumbani tukiwa tumeifunika shuka, kisha tukaacha kabisa kusikiliza. Jumamosi moja hakuja kazini. Nilipokwenda chumbani kwake nilikuta sufuria ya maharage juu ya jiko la mafuta, jiko limezimika lenyewe. Wengine wanasema alivuka kwenda Kongo. Wengine hawasemi kitu, wanatazama chini. Ile sufuria niliiosha nikaiweka kwangu, akirudi aikute safi.

Mama, upweke wa hapa ni wa namna ambayo sikuijua nilipokuwa nyumbani. Sikosi watu. Watu wapo, wananisalimu, wengine ni wema kweli. Lakini nikianza kusema, naona sikio la mtu linasimama. Nikimwita mtu ndugu, kama tulivyozoea, ananitazama kama nimemwonyesha kadi ya chama. Wapagazi ambao nimekunywa nao chai miaka saba sasa wananiuliza, kwa utani, eti huko kwenu mnasemaje kutuhusu. Nami sijui huko kwetu mnasemaje. Miezi mitano nilikuwa sijapata barua. Basi nikajifunza kusema maneno machache, na ya kazi tu: gunia, kilo, sahihi hapa.

Nyumba moja tu ndiyo ilibaki ambayo nilikuwa nikiingia mdomo wangu unalegea. Iko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Mwenye nyumba ni Papa Kambale, mfanyabiashara wa maharage, na mkewe wanamwita Mama Kavira kwa jina la binti yao. Ni Wakatoliki wa Butembo, upande wa Kongo. Walikimbia huko wakati wa vita vya waasi, wakavuka mto pale Mpondwe na watoto na cherehani moja. Mimi niliwajua kwa sababu ya mizani. Papa Kambale alileta magunia yake, karani aliyekuwa kabla yangu alikuwa na tabia ya kuweka mguu juu ya mizani, mimi sikuweka. Ndiyo hayo tu. Kwa kutokuweka mguu nimekula kwao karibu kila Jumamosi miaka hii yote, na Jumapili nakwenda nao misa kisha narudi Kasese.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Anastazia, usiruke.

Jumapili moja, yapata miezi miwili sasa, nilikuwa narudi kutoka Bwera katika pikapu ya Papa Kambale. Mbele alikaa dereva. Nyuma, juu ya magunia, tulikaa mimi, Mama Kavira aliyekuwa anakuja Kasese kushughulikia mzigo wake, na wanawake wawili wa sokoni. Tulipita Kisinga salama. Tulipofika njia panda, pale barabara ya kutoka Katunguru inapoingia, tulikuta gogo limelazwa na askari wanne. Tukaambiwa tushuke, tukae chini kwenye majani. Wanawake walipekuliwa vikapu. Mimi niliulizwa natoka wapi, nikajibu kwa adabu kwamba natoka Bwera narudi kazini Kasese, na kitambulisho nimekiacha nyumbani, niwie radhi.

Laiti ningejibu kwa kunung'unika kama wenzangu. Yule askari, kijana tu, alisimama akaniangalia vizuri.

"Hiyo Kiswahili yako iko ya wapi? Iko kama ya redio ya Dar es Salaam."

Kabla sijasema kitu, Mama Kavira alikuwa amekwisha simama, kitenge chake kimejaa majani.

"Afande, uyu ni mutoto ya kwetu ya Butembo. Alisoma kwa bapadri."

"Wewe ndiyo mama yake?"

Mama Kavira ni mtu anayeungama kila mwezi. Nilimwona anatafuta neno ambalo lisingekuwa dhambi kubwa. Akasema yeye ni kama mama yangu.

"Sikuuliza kama. Mama yake ya kuzaa iko wapi?"

Akanigeukia mimi, na mtutu wa bunduki nao ukageuka, si kwa ukali, basi tu kwa sababu ulikuwa umening'inia begani mwake. Mama, nilifikiri upesi kuliko nilivyopata kufikiri maishani. Nikisema yuko Butembo, ataniuliza mtaa gani, na mimi Butembo sijafika. Nikisema yuko Tabora, nimekwisha. Mtu aliyekufa haulizwi nchi yake. Nikasema, "Amekufa, afande."

Nikalia. Sikupanga kulia. Neno lilipotoka tu, niliona ule mkono wako unavyopepeta mchele, machozi yakaja na kamasi, nikashindwa kuyazuia. Yule kijana akavua kofia yake, akaishika mkononi.

"Pole," akasema. "Hata yangu ilikufa. Panda gari."

Tukapanda. Mmoja wa wale wanawake wa sokoni aliniwekea mkono mgongoni njia nzima. Mama Kavira alikuwa ananitazama tu, na mimi nilidhani ananitazama kwa sababu tumeponea chupuchupu. Nilimshukuru tuliposhuka, nikaingia kwangu, nikafunga mlango. Nilitapika.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia pale pale kwamba nilidanganya. Sikufikiri kuna haja. Yeye alijua natoka Tabora, alijua uongo wa Butembo ameutunga mwenyewe, basi nikaona na huu wangu ataujua. Lakini weka moyo wako mahali pa moyo wake. Alijua miezi mingi sijapata barua. Aliona mwanamume mzima analia namna ile mbele ya askari. Akaamini kwamba nimepata habari za msiba, na kwamba nimezificha kwa kuogopa kusema zimetoka wapi. Alinihurumia, Mama. Alirudi Bwera amebeba huruma hiyo akawaambia watu.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Bwera na kilo ya sukari kwenye mfuko, kama kawaida yangu. Kwenye ua wa Papa Kambale nikakuta moto mkubwa wa magogo na watu wamekaa kuuzunguka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikajua kuna msiba. Nikavua kofia, nikamwendea Papa Kambale kumpa pole, nikamwuliza nani amefariki. Alinikumbatia. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Ulikuwa wewe.

Walikuwa wameanza kukulilia tangu jana yake bila mimi. Desturi ya hawa ni kwamba mtu akifiwa mbali, kaburi lisipofikika, matanga yanawekwa pale alipo mtoto, ili asiyabebe peke yake. Walikuwepo watu ambao sijawahi kuwaona. Walikuwepo wazee walioshuka kutoka milimani Mahango, wamebeba kuni mgongoni, kwa ajili ya mama wa karani ambaye hakanyagi mizani. Wanawake walikuwa wanasonga bundu, ule ugali wao wa muhogo, katika sufuria kubwa ya kanisa. Na kwenye benchi la pembeni alikaa bwana mmoja mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye kila mtu anajua habari anazipeleka kwa askari. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi. Aliniuliza kwa upole mama amefia wapi. Mama Kavira akajibu kabla yangu, "Mbali."

Ningesemaje ukweli pale? Ningesimama mbele ya bwana yule niseme mama yangu ni mzima, yuko Tanzania, kuleni bundu mwende zenu? Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa, na ni sababu ya kweli. Lakini iko nyingine, na nimeapa sitakuficha. Nilitaka wakae. Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amekaa karibu nami bila kunipima. Watu karibu arobaini walikuwa wamekuja kwa ajili yangu, wananishika mkono kwa mikono miwili, hawaniulizi mimi ni wa chama gani wala rais wangu nani. Nilikaa chini katikati yao. Mama Kavira akaja na wembe na bakuli la maji akaninyoa nywele zote, polepole, huku akiimba kwa Kinande, lugha ya kwao. Nililia tena, kuliko ya kwanza. Hawakujua nililia kwa sababu nimeshikwa kichwa.

Jioni katekista aliniuliza jina lako kwa ajili ya sala. Hapo ningeweza kutoa jina lolote. Nilitoa lako, Paulina binti Mihambo. Nililitamka kwa sauti, na watu wote wakalirudia, kila mmoja kwa matamshi yake, wakakuombea pumziko la milele. Jina lako lilisikika vizuri sana kule, Mama. Kisha nikashikwa na hofu ambayo mpaka leo haijanitoka vizuri, kwamba kumwombea marehemu mtu aliye hai ni kumvutia jambo. Kila siku tangu hapo nilikuwa naamka nikijiuliza kama nimekuua.

Niliporudi kazini na kipara changu, mkuu wa stesheni, ambaye ni Mganda wa Masaka na si mtu mbaya, alinipa pole akanipa likizo ya siku tatu. Likizo, mimi niliyeiomba miaka miwili nikanyimwa. Nilikaa siku hizo tatu chumbani nikitazama dari. Sikuwa na pa kwenda, na kila niliyekutana naye alishusha sauti.

Wiki tatu baadaye, gadi wa treni anayetoka Nairobi, Mkamba mmoja mwaminifu ambaye hutubebea barua ndani ya soksi, alinipitishia bahasha yenu. Niliisomea nyuma ya marobota ya pamba. Niliposoma "mama anasema" tu, nilikaa chini kwenye sakafu, kwa sababu mtu aliyekufa hasemi. Nilibusu karatasi, Anastazia, na mwandiko wako mbaya ule. Kisha nikasoma kilichofuata.

Kwamba balozi wa nyumba kumi alikuja nyumbani na daftari. Kwamba aliuliza mtoto wa Paulina anafanya nini miaka yote katika nchi ile, na kwa nini harudi kama wenzake, na yuko upande gani. Kwamba majirani wawili wameanza kupita njia nyingine kwenda kisimani. Na kwamba balozi, kwa nia njema, kama mtu anayekuhurumia, alikushauri ni rahisi zaidi useme hujui mwanao alipo, au useme amefariki huko, ili jina la nyumba lisafike na Anastazia asikose ile nafasi ya ualimu. Na wewe ulimwambia maneno ambayo Anastazia ameyaandika kwa herufi kubwa, sijui kwa amri yako au kwa hasira yake:

"Mwanangu hajafa. Yuko Kasese, anapima magunia. Andika hivyo."

Mama, sijui nikuambie nini. Mimi niliogopa bunduki iliyoning'inia tu begani. Wewe ulikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi, tena mbele ya majirani, na hukunikana hata kwa neno moja. Niliona haya, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Bado naona.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bwera kumwambia Mama Kavira. Nilimkuta peke yake barazani anachambua maharage. Nilipiga magoti, kama vile tunavyofanya kwetu mbele ya mzazi, nikamwambia yote: kwamba mama yangu ni mzima, kwamba nilidanganya, kwamba nywele niliziacha zinyolewe na bundu nililila huku nikijua. Hakuacha kuchambua. Alimaliza ungo mzima. Halafu akaanza kwa sauti ya chini.

"Batu balishuka mulima na kuni ku mugongo. Balilia mutu iko muzima. Unajua wewe ulifanya nini?"

Nikasema najua. Akasema hapana, sijui, kwa kuwa mtu wa kwao akisha kuliliwa, kiti chake kimekwisha kuondolewa, na aliyekiondoa ndiye lazima akirudishe kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Alinigombeza muda mrefu. Alisema mimi nimekula kwake miaka saba na sikumwamini hata kwa neno dogo la ndani ya gari. Hilo ndilo lililomuuma kuliko matanga yote, na ana haki.

Papa Kambale alipokuja, akaelezwa, yeye alicheka kidogo kisha akawa mzito. Alikuwa na mpango wake kwa ajili yangu, maana habari imekwisha kufika kwamba wafanyakazi wote wageni wataandikwa upya. Yeye anamjua mtu anayeweza kunipatia karatasi ya mkimbizi wa Kongo, yenye jina la Kinande. Wakongo hapa hawaogopwi. Wanadharauliwa, lakini hawaogopwi. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe hajali kuwa Mkongo leo na mwingine kesho. Akaniambia babu yake alizikwa ng'ambo ile ya mto, bibi yake ng'ambo hii, na mpaka ulikuja baadaye. Kule anapokwenda kununua maharage wanamwita mtu wa Uganda, na jina lake la ubatizo sasa serikali ya kule hailitaki. Huku wanamwita Mukongo. "Mi nimezoea," akasema. "Ni karatasi tu. Karatasi haina mama."

Alisema kwa kunisaidia. Lakini mkewe aliinua macho kutoka kwenye ungo, akamtazama.

Wakati wa kuondoka Mama Kavira alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa bado amekasirika, nilijua kwa mwendo wake. Akaniambia nikuandikie ujumbe wake kama alivyousema, na hapa nauandika:

"Uambie mama yako mi nilimulilia siku tatu, na sauti ilikauka. Mi sijutie. Siku yangu ikifika, yeye pia anililie. Ajue jina langu ni Maria."

Basi ndiyo jina lake, Mama. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui.

Kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, wanakuja hapa stesheni wale watu wa serikali na daftari la wageni. Mkuu wa stesheni ametuonyesha karatasi ya mfano ili tujiandae. Wanauliza jina, kabila, nchi uliyozaliwa, jina la baba, jina la mama, na kama wako hai, wanaishi wapi. Mkuu aliniita pembeni leo baada ya misa. Aliniambia kwamba kwa kuwa ofisi nzima inajua nimefiwa, ile sehemu ya mama inaweza kuachwa na mstari mmoja tu, na kwamba kwenye sehemu ya nchi mtu anaweza kuandika kwa herufi zisizosomeka. Alinitakia mema kweli. Kuna aliyejiandikisha kule Mbarara kama mtu wa Tanzania akapandishwa gari na begi moja akarudishwa mpaka nyumbani salama. Kuna mwingine ambaye hajulikani. Sijui mimi nitakuwa yupi kati yao.

Wasalimie mjomba fundi wa baiskeli na watoto wake, na shangazi mpishi wa vitumbua pale stesheni ya Tabora. Msalimie padri mzee aliyenifundisha kuandika. Balozi wa nyumba kumi naye msalimie; si mtu mbaya, anafanya kazi yake, na mimi karani mwenzake namwelewa. Anastazia, hiyo nafasi ya ualimu ikikosekana kwa ajili yangu, nisamehe, nami nitakusamehe mwandiko. Na nimesikia kwenye barua yenu kwamba mama ameanza kwenda darasa la watu wazima na anashika chaki. Nimecheka peke yangu bohari nzima. Akiweza kuandika jina lake, hata kwa kupinda, mnitumie, msisubiri linyooke.

Gadi anaondoka na treni ya saa kumi na mbili alfajiri, barua hii ikiwa kwenye soksi yake. Daftari litaletwa saa tatu. Itakapokuwa inafunguliwa hapo Tabora, mimi nitakuwa nimekwisha kuandika, kwa mwandiko wa kusomeka: Mama, Paulina binti Mihambo. Yuko hai. Anaishi Tabora, Tanzania.

Mwanao,
Benedikto